Gunia la Madhabahuni

Lori lililonifikisha Nchiru lilikuwa linapeleka viazi Maua. Mimi nilikuwa nimetoka kuchimba viazi hivyo hivyo kule Timau, na nilikuwa nimewaaga wenzangu kwamba narudi nyumbani Embu. Maua si njia ya Embu hata kidogo. Lakini lori la kwenda upande wa Embu lilikuwa liondoke kesho yake, na hili la Maua lilikuwa limeshawashwa, na mimi tangu nimalize kidato cha nne sijaweza kusimama kando ya gari lililowashwa bila kutaka kulipanda.

Gurudumu lilipasuka tukiwa tumekaribia Nchiru. Dereva akaanza kutafuta jeki, nami nikaanza kutembea, kwa sababu kukaa barabarani nikingoja hunitia mwasho wa miguu. Sikuwa nimefika mbali nilipomkuta mama mmoja mzee akisukuma toroli lenye ndoo mbili, na nyuma yake kundi la mbwa wamefuatana kwa mstari kama watoto wa nasari wanaopelekwa chooni. Hakuniomba msaada. Aliniangalia, akaangalia mlima uliokuwa mbele yake, akaniangalia tena. Nikashika toroli.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, mjane, na watu wote wa pale walimwita Mwalimu. Nitamwita hivyo pia. Nilisukuma lile toroli mpaka kwake, mvua ikanikuta huko, nikalala kwenye stoo ya zamani ya kahawa juu ya magunia. Mfuko wangu niliuning'iniza kwenye msumari karibu na mlango ili niutwae alfajiri.

Alfajiri niliamshwa na Mwalimu akigonga bati kwa mwiko. Kuni zilikuwa zimelowa, moto ulikuwa umekataa, na mbwa walikuwa wameanza kulia ile sauti yao ya njaa, ambayo si kubweka wala si kulia, ni kama milango mingi inayofunguliwa polepole. Nikawasha moto. Nikakoroga. Ilipofika saa nne nilikuwa bado nakoroga. Mwalimu akapita karibu nami, akasema bila kusimama, "Kijana, mfuko wako bado uko kwenye msumari?"

Nilikuwa na zaidi ya miaka arobaini na mvi kwenye ndevu. Lakini kwa mtu aliyefundisha darasa la tatu maisha yake yote, kila mtu asiye na mkongojo ni kijana. Swali hilo la mfuko aliniuliza karibu kila asubuhi kuanzia siku hiyo, na kila asubuhi nilimjibu kwamba naondoka kesho.

*

Mwalimu hakuwahi kupanga kufuga mbwa. Alianza na mmoja, aliyevunjika mguu karibu na shule, akamfunga vijiti. Habari zikaenea kwamba kuna mwanamke anayepokea mbwa, na kwa watu wa kule habari hiyo ilikuwa dawa ya tatizo la siku nyingi. Mtu wa milimani hapendi kumuua mbwa wake kwa mkono wake. Mbwa akizeeka, au akianza kula mayai ya jirani, anatiwa ndani ya gunia, gunia linafungwa kwa kamba ya katani, anabebwa kwa pikipiki na kuvushwa mito miwili. Wanaamini kwamba mbwa aliyevushwa mito miwili hawezi kunusa njia ya kurudi. Zamani magunia hayo yalifunguliwa popote, sokoni au kwenye kituo cha kupimia majani ya chai. Sasa yalikuwa yanatupwa langoni kwa Mwalimu. Tukisikia pikipiki ikisimama na kuondoka upesi, tulijua tumepata mgeni.

Waliishi kwenye zizi la ng'ombe la marehemu mumewe. Kulikuwa na jike mweupe aliyenyonyesha hata watoto wasio wake. Kulikuwa na mbwa mkubwa wa ulinzi aliyefukuzwa kazi mwenye nyumba alipoweka waya wa umeme. Na kulikuwa na mzee mmoja mweusi, mwenye pua iliyogeuka nyeupe na sikio moja lililochanika, ambaye hakubweka kamwe. Huyo alilala langoni, uso kwenye barabara. Kila pikipiki ikipita aliinua kichwa, akaisikiliza mpaka ipotee, akakishusha. Sikupenda kumtazama sana. Mimi nami nilikuwa nasikiliza malori, na nilihisi kana kwamba tunafanya kazi moja.

Kwa miezi ya mwanzo chakula kilitoka Nchiru. Kule kuna chuo kikuu, na penye wanafunzi kuna vibanda vya chakula. Wenye vibanda wana utaratibu wao: anayeosha sufuria kubwa baada ya chakula cha mchana ndiye anayechukua ukoko na makombo. Basi kila mchana niliteremka na toroli, nikapiga magoti mbele ya sufuria za ugali zilizoungua, nikazikwangua, nikazisugua kwa majivu mpaka zikang'aa, halafu nikapanda na ndoo zimejaa.

Ukoko ulinifanyia jambo ambalo sikulitarajia. Harufu yake ilinirudisha Embu ya chini, kule kwenye joto, nyumbani kwa mama. Mama alikuwa akiepua sufuria anaimwagia maji kidogo pembeni, ukoko ukajibandua kama ganda la mti, na sisi watoto tukaupigania. Kilichobaki alirushiwa mbwa wa kuchungia mbuzi, ambaye hakuwa na jina zaidi ya "wewe". Nimefanya kazi kwenye mashamba ya mpunga, kwenye migodi ya mawe, kwenye ngano ya Timau ambako baridi inauma kama koleo, na sijawahi kukaa mahali nikapakumbuka nikiwa bado papo hapo. Kule kwa Mwalimu nilikuwa nasugua sufuria huku tayari ninaukumbuka mchana huo huo, kana kwamba umeshapita. Nadhani ndiyo sababu nilikuwa situlii. Mtu anayekumbuka sana huwa anataka kuondoka mapema, ili kumbukumbu ianze.

*

Halafu wanafunzi wakafunga chuo. Ilikuwa likizo yao ndefu. Katika siku chache mabweni ya kupangisha yalikuwa yamefungwa kufuli, na wenye vibanda wakageuza mabenchi, wakayafunga kwa minyororo, wakaenda kuvuna mashambani kwao. Nilisimama na toroli katikati ya Nchiru na hapakuwa na hata harufu ya kitunguu.

Nilianza kutembea kutafuta chakula, na kutembea si kazi ngumu kwangu. Nilienda kwenye mabucha ya mjini hadi upande wa Kinoru. Zamani, wachinjaji walinieleza, mtu alikuwa akipewa mifupa kwa kuomba tu. Sasa mifupa ina mteja wa supu. Kwato zina mteja. Kichwa kina mteja ambaye amelipia tangu jana. Utumbo ambao mbwa wa zamani aliudhani wake unajazwa damu na nyama na kuchomwa jioni kando ya barabara kama mutura, na foleni yake ni ndefu. Maparachichi yaliyoanguka, ambayo mbwa wa Meru wamenenepea miaka yote, yalikuwa yanaokotwa na watu wa kiwanda cha mafuta. Kila kitu ambacho dunia ilikuwa ikitupa kilikuwa kimepata mwenyewe.

Zilibaki pumba za mahindi kwenye kisiagi, na huko nilikuwa na mshindani. Alikuwa mama mmoja mfugaji wa nguruwe, mwenye pikapu na sauti ya kuongoza kwaya. Kila nilipofika, pumba zilikuwa zimeshapakiwa. Siku moja nilimwomba aniachie debe moja. Alinitazama juu hadi chini akiwa ameegemea mlango wa pikapu.

"Baba," aliniambia, "nguruwe wangu mmoja yuko kidato cha pili na mwingine yuko chuo cha ualimu. Hao wako wanasomea nini?"

Watu wa kisiagi walicheka hadi unga ukawaruka. Nilicheka nami, kwa sababu alikuwa na haki. Kisha akaniachia nusu debe, akaniambia nisizoee.

Nusu debe la pumba kwenye maji mengi ni uji wa rangi tu. Tulitia majani ya maboga. Tulitia viazi vitamu vilivyoliwa na fuko. Jike mweupe akakaukiwa maziwa. Mbwa walianza kupigana kwa ajili ya mwiko, kisha wakaacha hata kupigana, na hilo ndilo lililomtisha Mwalimu. Aliacha kuniuliza habari za mfuko.

Jioni moja alimleta daktari wa mifugo, mwanamume mpole anayesema taratibu kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Alizunguka zizi, akawashika mbavu mmoja mmoja. Akasema chakula kilichopo kinaweza kuwafikisha walio na nguvu hadi wanafunzi warudi, lakini hakiwezi kuwafikisha wote. Wazee na wagonjwa wangekufa kwa njaa polepole huku wakiwapunguzia wenzao. Angeweza kuja na sindano wiki ijayo, Alhamisi, bila malipo. Wangelala tu. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho, akakubali kwa kichwa, kisha akapita mwenyewe akiwaonyesha kwa kidole, kwa sababu hakutaka mtu mwingine achague. Mbwa mweusi wa langoni alikuwa wa kwanza.

Usiku sikulala vizuri. Asubuhi niliuteremsha mfuko kutoka kwenye msumari, nikaupangusa vumbi, nikaurudisha. Niliamua kwamba nitaondoka Jumatano, kabla ya daktari. Sikutaka hiyo Alhamisi iwe moja ya mambo nitakayokumbuka.

*

Jumapili iliyotangulia Alhamisi hiyo ilikuwa Jumapili ya mavuno. Mwalimu alikuwa hajaenda kanisani kwa muda. Mara ya mwisho mtu alikuwa amesema kwenye ushirika wa akina mama, akiwa amemgeuzia mgongo, kwamba kuna watu wanaolisha mbwa ilhali kuna yatima. Lakini mavuno ni mavuno, na kutopeleka chochote lilikuwa jambo ambalo hakuweza kulifanya. Goti lilikuwa linamuuma. Akakata mkungu wa ndizi, akanituma niupeleke kwa niaba yake.

Kanisa lilikuwa limejaa hadi nje. Mbele ya madhabahu palikuwa kama soko la Jumanne: mahindi, maharagwe, viazi, njugu, miwa, kuku waliofungwa miguu, na mbuzi mmoja aliyekuwa akila maua. Baada ya mahubiri mnada ulianza. Mnadi alikuwa mwenyekiti wa wazee wa kanisa, mkulima wa kahawa, mtu mcheshi mwenye kofia safi aliyoishika mkononi muda wote na kuitumia kuelekeza watu. Kitu cha kwanza kuinuliwa kilikuwa gunia la mahindi, si kubwa sana, lililofungwa utepe.

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma nikiwaza uji wa pumba. Nililiona lile gunia na sikuona kitu kingine. Mwenyekiti alitaja bei ya kuanzia. Watu wakatazamana, wakatabasamu, hakuna aliyeharakisha. Nikainuka nikataja kila kitu kilichokuwa mfukoni mwangu, fedha zote za viazi za Timau ambazo zilikuwa nauli yangu na maisha yangu ya mwezi ujao. Kanisa zima liligeuka. Mwenyekiti alifurahi kweli. Alisema Mungu ametuletea mgeni mwenye moyo, akapiga makofi, na watu wakampigia mgeni makofi.

Nilienda mbele, nikalipa, nikalitupa gunia begani. Akina mama wakaanza wimbo, wakaja nyuma yangu wakicheza. Nilidhani ni ukarimu wa watu wa Meru. Waliponizungusha upande wa kushoto wa kanisa nilizunguka nao. Waliponielekeza nyuma nilienda nyuma. Nilipofika mlangoni, wao wakapinda kurudi madhabahuni, na mimi nikaenda moja kwa moja.

Nje palikuwa na pikipiki ya abiria, na mwenyewe akakubali kungoja nauli. Akina mama wachache walinifuata hadi huko, bado wanaimba, kwa sababu mguu ukishashika mdundo hauachi ghafla. Niliwashukuru. Nikapakia gunia, nikapanda nyuma yake, tukaondoka. Nilipogeuka niliona wamesimama barabarani na mikono bado iko juu, lakini wimbo umekwisha.

Kwetu Embu, kanisani nilikokulia, ulichonunua kwenye mavuno ni chako. Unakibeba unaenda kukipika. Sikujua kwamba katika kanisa lile gunia la kwanza halinunuliwi na mtu. Linanunuliwa, linabebwa kuzunguka kanisa, linarudishwa madhabahuni, linanadiwa tena, na tena, mpaka kila mwenye jina ameligusa, na mwishowe linapelekwa nyumbani kwa mchungaji. Hakuna aliyewahi kutoka nalo. Nilivyokuja kusikia, mwenyekiti alikaa amenyoosha kofia kuelekea mlangoni kwa muda, akingoja nirudi.

Mwalimu nilipomweleza nilivyolipata, alikaa chini kwenye gogo. Mabega yake yalitikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, na hakuweza kuacha, alijishika goti linalouma huku machozi yanamtoka. Kisha akafuta uso, akasema tupike kabla hawajalifuata.

Tulipika. Tulisaga nusu, tukakoroga ugali mzito, ugali wa kushiba, nikauacha uungue makusudi kidogo ili uwe na ukoko. Mbwa walikula hadi wakalala palepale walipokulia. Mweusi alikula langoni, taratibu, akiinua kichwa kila pikipiki ilipopita.

*

Walilifuata Jumanne. Walikuja watatu: mwenyekiti na kofia yake, mke wake, na kiongozi wa ushirika wa akina mama, ambaye alikuwa, nilipomwona nikataka kujificha, yule mama wa nguruwe. Habari zilikuwa zimezunguka vilima vyote kwamba mahindi yaliyoombewa yanaliwa na mbwa.

Hakuna neno zito linalosemwa kule kabla ya chai. Mwalimu aliwakaribisha barazani, akachemsha chai ya maziwa, akakata mihogo. Walizungumza kuhusu baridi. Walizungumza kuhusu bei ya kahawa. Mke wa mwenyekiti, mama mwembamba mwenye kanga mabegani, alikuwa akitazama mbwa kwa jicho la mtu anayetaka kuwagusa. Mimi nilisimama karibu na moto na mwiko mkononi. Siku hiyo ilikuwa na upepo mkali, na mbwa mweusi alikuwa ameacha lango na kujilaza ndani ya jiko nyuma ya kuni, asikoonekana.

Mwishowe mwenyekiti aliweka kikombe chini, akasafisha koo. Akaanza kwa mbali. Alisema kanisa halina ugomvi na mnyama yeyote. Alisema mgeni husamehewa, hasa mgeni wa Embu. Lakini kuna vitu vilivyowekwa mbele za Mungu, na ikiwa vitu hivyo... Hapo akainua kofia kuelekea kwangu.

Nyuma ya kuni kitu kilianguka. Mbwa mweusi alitoka. Alikuja kwa miguu iliyokuwa ikitetemeka, akapita katikati ya miguu yangu, akapanda ngazi za baraza moja baada ya nyingine, akaenda hadi kwa mwenyekiti, akaweka kidevu chake juu ya goti lake. Halafu akabweka. Mara moja tu, sauti iliyokwaruza. Nilikuwa nimeishi naye miezi na sikuwahi kumsikia.

Mwenyekiti hakumgusa. Mkono wenye kofia ulibaki hewani.

Mke wake alilishika lile sikio lililochanika kwa vidole viwili, akaligeuza kama mtu anayesoma lebo ndani ya nguo. Kisha akamwita mumewe kwa jina la mtoto wao wa kwanza, kama anavyoitwa nyumbani, kwa sauti ya chini kabisa.

"Uliniambia aligongwa na lori," alisema.

Mwenyekiti aliangalia barabara. "Alikuwa amezeeka," akasema.

"Mimi nami nimezeeka."

Upepo ulipiga mabati. Mwalimu alimwongezea kila mtu chai bila kuuliza. Mbwa alikuwa ametulia palepale, macho yamefumba, mkia unapiga sakafu.

Mke wa mwenyekiti aliniuliza bila kugeuka, "Na hapa amekuwa akila nini?"

Niliweka mwiko chini. "Tangu Jumapili," nilisema, "anakula mahindi yenu."

Mama wa nguruwe alikuwa amemeza chai. Ilimtoka puani. Alikohoa, akapigwa mgongoni na Mwalimu, akacheka mpaka baraza likatikisika. Mwenyekiti alivaa kofia. Akasema kwa heshima zote kwamba jambo lililowaleta kamati italitazama upya, na nijuavyo mimi kamati bado inalitazama.

Hawakuondoka mara moja. Ulikuwa wakati wa kulisha, na mke wa mwenyekiti alisema mbwa wake hataondoka na njaa. Alichukua sahani kutoka mkononi mwangu, akachuchumaa, akamlisha yeye mwenyewe. Alipomaliza alivua kanga, akaisokota, akamfunga shingoni kwa fundo legevu. Waliondoka kwa miguu. Mwenyekiti alitangulia kama kawaida ya wanaume wa kule, lakini mbwa alikuwa mzito wa mwendo, na kila hatua chache ilimbidi asimame awasubiri. Nilimwona, kabla hawajapotea kwenye kona, akirudi nyuma na kumbeba mbwa mikononi mahali penye matope.

*

Jumatano niliamka mapema na sikuondoka. Nilijiambia nasubiri nione daktari atasema nini. Kulikuwa na ukungu, na nilipoenda kufungua lango nilikuta gunia limefungwa kwa kamba ya katani. Nilidhani ni mbwa mwingine. Nililigusa kwa mguu, halikusogea. Lilikuwa limejaa pumba.

Jioni tulisikia pikipiki ikisimama na kuondoka upesi. Mifupa. Kesho yake viazi vidogo, na kando yake kidumu cha maziwa yaliyoganda. Hakuna aliyebisha hodi. Hakuna aliyeacha jina. Ilituchukua muda kuelewa, na aliyeelewa alikuwa Mwalimu. Habari za mwenyekiti zilikuwa zimezunguka kama zile za mahindi, na kwa kasi zaidi: kwamba mbwa wa kwa Mwalimu hawasahau, na kwamba ukifika pale utasalimiwa mbele ya watu. Nyumba nyingi za vilima vile zilikuwa zimewahi kufunga gunia. Walikuwa hawataki kuja, na walikuwa hawataki kulala bila kutuma kitu.

Magunia yaleyale, kamba zilezile, mwendo uleule wa pikipiki za kukimbia. Mwalimu alisema katika miaka yake yote ya ualimu hajawahi kuona darasa zima likifanya marudio bila kuambiwa.

Daktari wa mifugo alikuja Alhamisi na mkoba wake. Alionyeshwa stoo ilivyoanza kujaa, akanywa chai. Akasema kwa kuwa ameshafika na sindano anazo, basi awachanje kichaa cha mbwa, na akawachanja wote, wazee kwa vijana, huku mimi nikiwashika vichwa. Nilirukiwa na mkojo na kuumwa kidole mara moja, si vibaya. Wiki ile ile mama wa nguruwe alisimamisha pikapu langoni mchana kweupe, peke yake kati ya wote, akashusha madebe mawili. Alisema yeye hajawahi kumtupa mbwa, ila hataki watu wadhani amewahi.

Wanafunzi walirudi. Vibanda vikafungua minyororo, sufuria zikaungua tena, nikarudi kupiga magoti na majivu. Wale mbwa wote walioonyeshwa kwa kidole walikuwa hai, isipokuwa mmoja aliyekufa kwa uzee wake mwenyewe, usingizini, amelala juu ya jike mweupe.

Mfuko wangu bado uko kwenye msumari. Buibui amefunga kamba yake kutoka kwenye mkanda wa mfuko hadi ukutani, na Mwalimu amekataza nimwondoe, anasema huyo ndiye anayenilinda. Malori ya viazi bado yanapita kwenda Maua, na mengine yanapita kurudi, na yakibadilisha gia pale mlimani mwili wangu wote unasikiliza. Nafasi ya mbwa mweusi langoni haijachukuliwa na mbwa mwingine. Nimejikuta nikisimama hapo mimi asubuhi, kikombe mkononi, uso kwenye barabara. Lori linapita. Nalisikiliza mpaka lipotee. Halafu nasikia harufu ya ugali ukianza kushika chini ya sufuria, na inanibidi nikimbie, kwa sababu ukoko ni mzuri lakini ukizidi unakuwa makaa.